Tunamwita Dada Ili Tusimwite Mfanyakazi

Saa kumi na moja alfajiri, mtaani kwetu Tabata, Dar es Salaam, mageti hufunguliwa moja baada ya jingine. Wanaotoka ni watu wa kazi za mjini: muuguzi anayewahi zamu, mwalimu anayevuka jiji zima hadi Mbagala, karani aliyevaa kandambili na kutia viatu vya kisigino kwenye mfuko. Wakishatoka, geti linafungwa kwa ndani. Anayelifunga ameamka kabla yao wote. Ameshachemsha maji ya kuoga, ameshapika uji, ameshapiga pasi sare za shule, na sasa anabaki na mtoto mchanga mgongoni mpaka saa mbili usiku, foleni ya Barabara ya Mandela ikiwa na huruma.

Huyo tunamwita dada.

Neno hilo nimelitumia maisha yangu yote bila kulitazama. Mei Mosi ya mwaka 2025, Rais Samia alipotangaza kule Singida kwamba kima cha chini cha mshahara serikalini kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, ofisini kwetu kulikuwa na furaha wiki nzima. Katikati ya furaha hiyo mwenzetu mmoja, mtu mwema na msomi, alisema wakati wa chai kwamba jambo moja la kujivunia Watanzania ni kuwa hatuna matabaka. Kasti, yale matabaka ya kuzaliwa, ni mambo ya India, akasema, hapa sote ni ndugu. Tukaitikia. Mimi pia niliitikia. Dakika ile ile simu yangu ikaita: dada, anauliza watoto wale nini mchana. Nikamjibu maneno matatu, bila salamu, nikakata. Nilipoiweka simu mezani nikabaki naiangalia. Kama angekuwa ndugu yangu kweli, nisingemjibu vile.

Ninachotaka kusema ni hiki: matabaka tunayo, na tumeyafunika kwa lugha ya ukoo. Kifuniko chenyewe kina kazi maalumu. Kinazuia mshahara kuitwa mshahara na kazi kuitwa kazi.

Nianze na kikombe.

Nyumbani kwetu Tandika, miaka ya tisini, kulikuwa na kikombe cha bati cha rangi ya bluu, kimebanduka ukingoni, kimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko. Vikombe vingine, vyenye maua, vilikaa kabatini sebuleni. Siku moja nilitoka kucheza nina kiu, nilikuwa na miaka saba au minane, nikakitungua kile cha bluu nikachota maji. Shangazi alikichukua mkononi mwangu. Hakufoka. Alisema tu, "Hicho cha dada." Nikauliza, kwani dada anaumwa? Akasema haumwi, ni chake tu. Dada mwenyewe alikuwa palepale uani, amechuchumaa, anasugua sufuria kwa majivu. Hakuinua uso.

Hebu tufikiri pamoja. Aliyekanda unga wa chapati tulizokula asubuhi ile ni yeye. Aliyepika wali wa mchana ni yeye. Mikono yake ilikuwa ndani ya kila tulichokitia mdomoni, na hakuna aliyeona kinyaa. Basi kikombe kilitengwa kwa sababu gani? Hakuna msikiti wala kanisa lililotufundisha kwamba midomo ya mtu fulani inachafua chombo. Kikombe kilikuwa alama, na alama hiyo ilisomwa na kila mtu mle ndani, pamoja na mtoto wa miaka saba ambaye tangu siku ile hakukigusa tena.

Kule India, ambako tunapenda kunyooshea kidole, jambo hili lina jina na lina sheria. Katiba yao iliyoanza kutumika Januari 26, 1950 inapiga marufuku, katika ibara ya 17, desturi ya kumfanya mtu kuwa asiyegusika. Aliyeongoza kamati ya kuandika rasimu yake, B. R. Ambedkar, alizaliwa katika jamii ya Mahar, waliohesabiwa kuwa najisi. Alipokuwa mtoto shuleni hakuruhusiwa kugusa chombo cha maji. Alisubiri tarishi wa shule ammiminie kutoka juu, na tarishi asipokuwepo alikaa na kiu yake. Baada ya katiba kuandikwa bado ziliendelea kuripotiwa, hasa vijijini, habari za vibanda vya chai vyenye glasi za aina mbili, za wote na za Dalit, yaani hao walioitwa wasiogusika. Kwa hiyo sisemi sheria ilimaliza kasti. Lakini iliwapa watu neno la kushitakia. Sisi kikombe tunacho, neno hatuna.

Sitaki kuongeza chumvi. Tabata si Tamil Nadu. Kasti mtu huzaliwa nayo, huoa nayo na huzikwa nayo. Dada wa kwetu anaweza kuolewa na fundi wa mtaani, akafungua genge lake, na binti yake akawa hakimu. Milango hiyo ipo na wako waliopita. Ninachokataa ni kule kujiliwaza kwamba kwa kuwa hatuna kasti basi hatuna kitu.

Na tulijitahidi, hilo niliseme kwa heshima. Ahadi ya kwanza ya mwana TANU, chama kilichopigania uhuru, ilikuwa kwamba binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikataa wazi nchi yenye tabaka la wanaotoka jasho na tabaka la wanaoishi kwa jasho hilo. Mwalimu Nyerere hakuwa anacheza na maneno: Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), aliwafukuza, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Viongozi wakaitwa ndugu. Lakini mtaa haukudanganyika hata siku moja. Mtaa ulikuwa na majina yake: naizesheni na wabenzi kwa walio juu, makabwela, na baadaye walalahoi, kwa walio chini. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipolegeza miiko ya uongozi, "ndugu" akabaki kwenye vikao vya chama na "mheshimiwa" akarudi kwa kishindo.

Tazama pia salamu zetu. Shikamoo ni ya umri, ndivyo tulivyolelewa. Lakini pita kwenye geti lolote la Masaki au Mikocheni asubuhi usikilize nani anamwamkia nani. Nimemsikia mlinzi mwenye mvi kichwa kizima akimwambia kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyeshusha kioo cha gari, "Shikamoo bosi." Na kijana akaitikia, "Marahaba." Ile marahaba iliniuma kuliko shikamoo yenyewe. Mzee wa watu alikuwa anatafuta riziki. Kijana alikuwa anapokea kitu ambacho si chake.

Jiji hili lilipangwa kwa ngazi tangu mwanzo. Wakoloni, Wajerumani kisha Waingereza, waliligawa kwa kanuni za ujenzi zilizosema nyumba ya aina gani ijengwe wapi, na kila aina ya nyumba ilikuwa na rangi yake ya ngozi. Tukapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwatenga watu wa Uhindini na watu wa Kariakoo. Majina hayo matatu tunayatumia hadi leo kana kwamba ni majina ya miti. Nyumba za Oysterbay zilijengwa na kibanda nyuma, mbali na sebule, cha kulala boi. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, mwenye sebule alibadilika. Kibanda hakikubomolewa. Afisa mpya Mwafrika alikabidhiwa funguo za nyumba pamoja na ngazi iliyokuwa ndani ya ramani yake.

Huku kwetu Uswahilini hakuna kibanda. Nyumba ya Kiswahili ni korido katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma. Msichana wa kazi analala kitanda kimoja na watoto, au kwenye godoro sebuleni wakishalala wengine. Na ukaribu huo ndio unaotupofusha. Tajiri wa Oysterbay anajua ana mtumishi kwa sababu mtumishi ana mlango wake. Sisi tunavuta hewa moja na dada, tunasikia anavyokoroma, tunajua siku zake, basi tunajiambia, "Huyu tunaishi naye kama ndugu." Lile "kama" hatulisikii.

Ukirudi nyuma kidogo utaona neno hili limetoka wapi. Enzi za ukoloni kazi za ndani Dar es Salaam zilikuwa za wanaume: wapishi, madobi, maboi. Ndiyo maana neno lenyewe lilikuwa boi, nalo lilimshukia hata mtu mzima mwenye wake na watoto. Baada ya uhuru kazi hizo zilihamia taratibu mikononi mwa wasichana. Waafrika wenye mishahara midogo walianza kupata kazi mjini, wake zao nao wakaajiriwa, na aliyechukuliwa kijijini kuja kushika mtoto alikuwa binti wa mjomba, au mdogo wake mke, kwa ahadi kwamba atasomeshwa au atafundishwa kushona. Wa kwanza kuitwa dada alikuwa dada kweli. Undugu wake ulikuwa na nguvu: akionewa, mjomba angepanda basi kuja kuuliza. Kisha mji ukapanuka, binti za wajomba hawakutosha, wakaanza kuletwa mabinti wa watu tusiowajua kutoka Iringa, Singida, Dodoma na milima ya Usambara, kupitia kwa jirani wa rafiki wa dalali. Mjomba wa kupanda basi hayupo tena. Jina likabaki.

Lugha yetu ina kumbukumbu ndefu kuliko sisi. Pwani hii ilikuwa na waungwana na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Mtumwa wa kike aliitwa mjakazi, na mara nyingi zaidi kijakazi. Wa kiume mtwana, au kitwana. Ile "ki" ya udogo haikuhusu umri, ilihusu hadhi. Maneno hayo leo hakuna anayeyatamka nyumbani kwake, lakini sikiliza wanawake wanavyoulizana saluni: "Nitafutie kabinti, kawe kadogo kadogo, kasiwe na simu." "Ki" imeondoka, "ka" imeshika nafasi.

Neno la ukoo la kweli hukua na mtu. Dada yako atakuwa shangazi wa watoto wako, kisha bibi wa wajukuu zako, na kila hatua inamwongezea sauti kwenye vikao vya familia. Dada wa kazi hapandi. Mtaa wa pili kutoka kwangu kuna mama ambaye huko kwao ana wajukuu wawili, na mtoto wa darasa la pili anamwita dada, tena kwa kumtuma: "Dada, viatu vyangu." Dukani anajulikana kama dada wa kwa Mama Fulani, yaani hata jina la mtaani amelipata kwa mtoto wa mwajiri wake. Ndugu akiugua tunafungua kundi la WhatsApp tunachangishana. Dada akiugua tunamtafutia nauli arudi kwao. Sijui kama tunahitaji ushahidi mwingine.

Lakini upo, na umeandikwa na serikali. Amri ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi iliyotumika kuanzia Januari 2023 hadi mwishoni mwa 2025 ilikuwa na sehemu ya wafanyakazi wa majumbani, na sehemu hiyo ilikuwa na ngazi nne. Aliyeajiriwa na mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa: shilingi 250,000 kwa mwezi. Aliyeajiriwa na afisa mwenye stahili ya kuwa na mtumishi: 200,000. Wa watu wengine, kama halali kwa mwajiri: 120,000. Na anayelala kwa mwajiri, ambaye ndiye dada wa karibu kila nyumba ya Tabata, Segerea na Mbagala: 60,000. Amri iliyotangulia, ya mwaka 2013, ilikuwa na ngazi hizo hizo nne: 150,000, 130,000, 80,000 na 40,000. Fedha zilipanda, ngazi haikuguswa.

Soma tena uone kinachopimwa. Hakipimwi kile anachofanya. Sufuria ni zile zile, pampasi ni zile zile, na pengine wa ngazi ya chini ndiye mwenye kazi kubwa zaidi, maana nyumba ya mwanadiplomasia ina mashine ya kufulia na maji hayakatiki. Kinachopimwa ni cheo cha yule anayefuliwa. Binti wawili wa kijiji kimoja, mmoja ameangukia ubalozini Oysterbay na mwingine kwa karani wa Segerea, na sheria ya nchi ikasema jasho la wa kwanza lina thamani zaidi ya mara nne ya jasho la wa pili. Kama kuna mahali ambapo nchi hii imeandika kwa mkono wake kwamba mtu huchukua hadhi ya bwana wake, ni hapo.

Najua jibu linalokuja: huyu anayelala kwa mwajiri anakula bure na kulala bure. Nilikuwa nalisema hilo mimi mwenyewe. Chakula anachokula bure amekipika yeye. Na pale anapolala bure ndipo anapoamshwa saa nane usiku mtoto akilia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mtu afanye kazi isiyozidi saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, apate saa 24 za mapumziko kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka na maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Mfanyakazi wa ndani hakutolewa kwenye sheria hiyo. Hebu mhesabie wa kwako. Anayeamka saa kumi na nusu alfajiri na kulala saa nne usiku amekaa kazini zaidi ya saa 17. Shilingi 60,000 gawanya kwa siku thelathini, ni 2,000 kwa siku. Nywele tunazosukwa Sinza kwa kikao kimoja zinaweza kuumaliza mshahara wake wa mwezi.

Hapa ndipo mjadala wa tajiri na maskini unapokwama, kwa sababu wengi wa waajiri hawa si matajiri. Yule mwalimu wa Mbagala akimlipa dada 250,000 hawezi kulipa kodi ya nyumba. Kazini anasema "shikamoo mkuu" kwa mtu aliyemzidi cheo tu, anarudi nyumbani amechoka, na ndani ya geti lake anapata mtu mmoja duniani anayemwita bosi. Mama lishe wa Buguruni, ambaye sote tungemhesabu miongoni mwa wanyonge, naye ana msichana wa kumwoshea sahani na kubaki na watoto, tena anamlipa chini ya hapo, au anamlipa chakula. Ngazi haikushikiliwa na watu wa juu peke yao. Kila aliyepo juu yake amekanyaga bega la mwenzake na kusema hana la kufanya.

Na kwa kiasi fulani ni kweli hana la kufanya. Likizo ya uzazi ni siku 84. Ukirudi kazini sheria inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mimi nafanya kazi Posta, katikati ya jiji. Saa mbili, kwa foleni ya jiji hili, hazinitoshi kufika Tabata na kurudi, sembuse kumtoa mtoto mgongoni kwa mtu nikampa titi. Ofisini hakuna chumba cha watoto. Mtaani hakuna kituo cha kulelea watoto ninachoweza kukilipia kila mwezi. Baba wa mtoto alipewa siku 3 za likizo ya uzazi, na siku ya nne hesabu yote ya ulezi ikahamia kwa wanawake wawili: mimi, na msichana aliyeacha mama yake kijijini. Ndiyo maana kila jambo baya likitokea, maziwa kumwagika au mtoto kuanguka kitandani, anayelaumiwa ni dada, na anayeambiwa "hujui kuchagua wasichana" ni mama. Wanaume wa nyumba hizi huzungumza kuhusu dada kana kwamba ameajiriwa na mke. Nani anakula wali wake? Nani anavaa mashati aliyopiga pasi?

Kazi zote za mshahara za jiji hili lenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya mwaka 2022, ofisi, shule, benki, hospitali, zimekalishwa juu ya mgongo wa mtu aliyepangiwa 2,000 kwa siku, na si ajabu akawa hajalipwa. Maana tuna mbinu zetu, na zote zimevaa nguo ya undugu. Ipo ya nauli: tulimtumia nauli ya kuja, basi mshahara wa mwezi wa kwanza unakatwa. Ipo ya "ninamtunzia": hela yake ninaiweka mimi, asije akaichezea, nitampa Desemba akienda kwao, Desemba ikifika tumemtoa kasoro kwa sahani zilizovunjika. Ipo ya cherehani: ukikaa miaka miwili kwa adabu nitakununulia cherehani. Nimehesabu wasichana sita waliopita nyumbani kwetu Tandika na kwa ndugu zangu, wote waliahidiwa cherehani. Aliyeipata ni mmoja. Na ipo hii mpya, ya kumtumia mzazi wake mshahara moja kwa moja kwenye simu, kwa nia njema kabisa, ili msichana mwenyewe aliyefanya kazi asishike hata noti moja yenye jasho lake.

Wazee wao hawakuwa hivi. Maboi na wapishi wa Dar es Salaam ya mkoloni, wanaume wale waliodharauliwa kwa neno moja la kitoto, waliunda chama chao, na mwaka 1956 wafanyakazi wa mahotelini na majumbani wa mji huu waligoma. Waliweza kwa sababu, hata walipoitwa maboi, wenyewe walijiita wafanyakazi. Waliweza kukutana na kulinganisha mishahara. Msichana wa leo analinganisha na nani? Yuko ndani ya geti. Chama kipo, CHODAWU, na wafanyakazi wa majumbani ni wanachama halali. Lakini ni vigumu mno kumwandikisha mtu ambaye mwajiri wake anaapa kwamba hakuajiri mtu, anaishi tu na mdogo wake. Undugu umefanya kazi ambayo polisi wa mkoloni hawakuiweza.

Ninalotaka si gumu kulieleza. Ngazi kama zile nne zifutwe, kazi moja iwe na kiwango kimoja, na nyumba zisizokimudu zisaidiwe kwa vituo vya kulea watoto vya mtaa, vya umma, badala ya kusaidiwa na mabega ya binti wa watu. Afisa kazi awe na ruhusa ya kuuliza mkataba uko wapi, na awe na sababu ya kugonga geti la Segerea kama anavyogonga la kiwanda.

Mwezi wa nane, baada ya kuzungukwa na mawazo haya tangu ile siku ya chai, nilikaa na dada wetu mezani. Ana miaka 23. Nilichukua daftari la mtoto la mistari mipana, tukaandika pamoja: mshahara, tarehe ya kulipwa, mkononi mwake au kwenye simu yake, saa ya kulala, likizo, na Jumapili. Hela niliyoandika inanibana na bado ni ndogo, sijitangazi. Alisoma mara mbili, kidole chini ya mstari, kisha akauliza, "Mama, hiyo Jumapili nirudi saa ngapi?" Nikamwambia siku ni yake. Akanyamaza kidogo. "Sawa, mama. Lakini saa ngapi?" Tukakubaliana saa moja jioni, kwa sababu aliihitaji hiyo saa. Tukasaini nakala mbili mbele ya mjumbe wa mtaa, ambaye alidhani tumekuja kwa kesi ya wizi.

Jumapili ya kwanza alitoka saa mbili asubuhi, amevaa gauni la kitenge ambalo sikuwahi kuliona na amebeba mkoba. Jumapili ya pili pia. Baada ya ya tatu, jirani yangu, mwanamke ninayemheshimu na ambaye alinipikia nilipojifungua, alinifuata nikiwa naanika nguo.

"Mwenzangu, unatuharibia hawa mabinti," akasema. "Wangu ameanza kuuliza Jumapili."

Nikamuuliza, anaulizaje?

"Kwa adabu tu," akasema. "Lakini anauliza."